Fungu la Ndege



Wasomaji wetu wapendwa, wiki hii tunaweka kando mapishi na malezi ili tukusimulieni safari. Shule zilipofungwa tulifunga mizigo, mtu na dada yake pamoja na watoto wetu wanne, tukavuka mpaka wa Lunga Lunga hadi Tanga, na kutoka Tanga tukapanda meli ya Pemba. Atakayetaka kutufuata akumbuke mambo mawili. La kwanza, awe na pasipoti yake mkononi, na ya kila mtoto pia. La pili, asile sana asubuhi ya kupanda meli. Mlango wa bahari baina ya bara na Pemba una kina kinachopita mita 700 mahali pengine, na mawimbi yake hayamstahi mtu. Sisi wenyewe tuliingia melini tukicheka na kuteremka tukiwa tumeshika vichwa.

Watoto walidhani twaenda kutembea. Sisi wawili tulijua kuwa twaenda kulipa deni.

Shoga yetu tunayemzungumzia tulikua naye mtaa mmoja, chuo kimoja na mkeka mmoja. Wazee wake walikuwa Wapemba, katika wale ambao baba zao walikuja pwani yetu kwa uvuvi wa dago wakabakia, jamaa ambao Serikali ya Kenya iliwatambua rasmi mwaka 2023 baada ya kuishi miaka mingi bila vitambulisho. Yeye hakuingojea siku hiyo. Aliposwa na mtu wa kwao alirudi Pemba, akaolewa, akazaa, na urafiki wetu ukabaki kwenye salamu za simu na zawadi za Idi. Karibu miaka miwili iliyopita mumewe alifariki. Tulipiga simu siku ile ile, tukalia naye, tukasoma dua, tukasema, "Tutakuja, inshallah." Mara mtoto ana mtihani, mara kazi, mara nauli imepanda. Eda ya miezi minne na siku kumi ikaisha hatujaenda. Mwaka ukapita hatujaenda.

Tulipofika, alikuwa amesimama barazani na mtandio wake mweupe. Alitukumbatia mmoja mmoja, akawabusu watoto, akasema, "Karibuni nyumbani, njia imekuchosheni." Hakusema zaidi. Tulioga, tukatandikiwa, tukaletewa mashelisheli ya kuchemsha kwa tui na samaki wa kupaka. Dua ya marehemu tuliisoma usiku ule baada ya Isha, na sauti zetu zilikuwa ndogo.

Waarabu wa zamani walikiita kisiwa hiki Al Jazeera Al Khadra, yaani kisiwa cha kijani, na asubuhi tulipofungua dirisha tuliona kwa nini. Ardhi ya Pemba ni vilima na mabonde, na kila kilima kimevaa miti. Mikarafuu imepangwa mistari kwa mistari. Kabla ya mwaka 1872 Unguja ndiyo iliyokuwa na mashamba makubwa ya karafuu, lakini tufani ya mwaka ule iliing'oa mikarafuu ya Unguja, na tangu hapo Pemba ikawa ndiyo mama wa zao hilo. Mikeka ikishaanikwa karafuu mbele ya nyumba, harufu yake huingia nguoni, nyweleni, hata ndani ya mkate.

Shamba la shoga yetu si kubwa. Nyuma ya nyumba kuna mikarafuu ya kuhesabika, mdalasini mmoja, mshelisheli, mshokishoki, na mzambarau mkubwa unaotandaza kivuli hadi kisimani. Mbele, kwenye uwanja wa wanawake, kuna asumini, mrehani, mlangilangi na mkilua. Sisi watu wa Mombasa tulipouona ule mkilua tulisahau umri wetu. Tulichuma tukafunga vikuba, tukavichomeka kwenye mitandio kama wasichana wanaokwenda harusini. Yeye alitutazama akatabasamu, akasema, "Marehemu aliupanda huu kwa ajili yenu. Aliniambia, shoga zako wakija wasikose kilua."

Tulijaribu kusema neno, lakini alikwisha inuka kwenda jikoni.

Siku ya pili aliwachukua watoto kuwaonyesha ndege, na sisi tukafuata. Pemba ina aina nne za ndege ambao hawapatikani popote pengine ulimwenguni. Wa kwanza kumwona alikuwa chozi wa Pemba, kidogo kama kidole gumba, anameta rangi ya zambarau iliyokolea jua linapompiga, akitia mdomo wake uliopinda ndani ya maua ya mlangoni. Wa pili ni kile kindege cha manjano chenye duara jeupe kuzunguka jicho. Hao huenda kwa makundi na kelele zao ni kama wasichana wa chuo waliofunguliwa mapema. Ninga wa Pemba alitusumbua. Ni njiwa wa kijani mwenye kichwa cha kijivu, na akitua kwenye mzambarau hugeuka jani. Mdogo wetu, mwenye miaka sita, ndiye aliyemwona kwanza, naye alimwona kwa sababu zambarau lilidondoka likiwa limeliwa nusu.

Mkubwa wao akauliza kwa nini matunda ya matawi ya juu hayachumwi, na fimbo ndefu ya kuchumia ipo. Shoga yetu akamjibu, "Babu yenu alikataza. Alisema ya chini ni yetu na ya majirani, ya juu ni fungu la ndege." Akawaeleza watoto yale aliyotufundisha Mtume wetu (S.A.W.), kwamba Muislamu akipanda mti, kisha akala humo mtu au ndege au mnyama, huandikiwa sadaka. "Basi mimi kila asubuhi nikisikia makelele juu ya mzambarau," akasema, "najua kuna kitu kinamfikia."

Ndege wa nne hatukumwona, tulimsikia. Ni bundi mdogo wa rangi ya hudhurungi, ambaye sauti yake ni mlio mmoja tu, kisha kimya, kisha mlio mwingine. Usiku alipoanza kulia juu ya mikarafuu, watoto waliingia chini ya shuka, na hata sisi, tusiseme uongo, tulisoma Ayatul Kursi kwa haraka kuliko kawaida. Watu wetu wa pwani wamelelewa kuamini kuwa bundi akilia, kuna mtu atakufa. Shoga yetu akakaa ukingoni mwa kitanda akawaambia watoto kwamba bundi huyu amelia juu ya nyumba hii kila usiku tangu yeye alipoingia bibi harusi. "Alilia nilipozaa, akalia nilipofiwa. Zile siku za ugonjwa, jirani mmoja alitaka apigwe mawe, eti ndiye anayemwita mauti. Marehemu akasema kutoka kitandani, mwacheni, Mtume amekataza kutabiri mabaya kwa ndege. Ajali iko kwa Mwenyezi Mungu." Watoto walinyamaza, kisha mmoja akauliza kama bundi naye ana fungu lake shambani. Akaambiwa analo: panzi na wadudu.

Ulipofika wakati wa kwenda pwani, tulishika njia ya kaskazini hadi msitu wa Ngezi. Msitu huu ni mabaki ya ule uliofunika sehemu kubwa ya kisiwa kabla miti haijakatwa kupisha mikarafuu, na leo unahifadhiwa. Ndani yake ni giza la mchana, baridi, na vyura. Ukitoka upande wa pili, ghafla mbingu inafunguka na mbele yako ni Vumawimbi. Mchanga wake ni mweupe na laini kama unga wa mchele uliochekechwa, na siku ile hapakuwa na mtu ila sisi na kaa. Tulioga na mabuibui na kanga zetu bila ya kuona haya, watoto wakajenga misikiti ya mchanga, na maji yalipokupwa tuliokota makombe. Akina mama wanaotuuliza kila likizo ni wapi mwanamke mwenye sitara yake anaweza kuoga baharini kwa raha, jawabu moja ni hilo.

Tukirudi tulipitia Kidike kuwaona popo wa Pemba, ambao nao hawapatikani kwengine. Wananing'inia kwenye miti mchana kama matunda meusi, na akifungua mbawa zake mmoja ni mpana kuliko mtoto wetu alivyo mrefu. Watoto walibishana kama popo ni ndege, hata walipoambiwa kuwa huzaa na kunyonyesha. Zamani watu waliwapiga bunduki kwa nyama, na miti yao ikakatwa, hata kufikia mwisho wa miaka ya 1980 wakawa wa kuhesabika. Kisha wanavijiji walikubaliana kuwaacha na kuwalinda, na leo wako maelfu kwa maelfu. Nao hulipa, kwani hubeba mbegu na chavuo kutoka mti hadi mti. Tuliondoka tukisema kwamba kumbe kilichokaribia kukatika huweza kuungwa, watu wakiamua.

Siku ya tatu, baada ya kifungua kinywa, shoga yetu alitoka ghalani na majembe mawili. Akatuwekea miguuni huku akicheka. "Mgeni siku mbili," akasema, nasi tukamalizia kwa kicheko. Kulikuwa na miche ya mikarafuu ya kupalilia. Watoto walipewa ndoo za maji.

Tulikuwa tumeinama, watatu kwa mstari, nyuso zikitazama chini, ndipo aliposema. Hakupandisha sauti.

"Simu yenu ilifika siku ile. Nilishukuru. Lakini simu haikai na mtu."

Tukasimama. Yeye akaendelea kupalilia.

"Mlisema mtakuja. Nikakutandikieni kile chumba mnacholala sasa. Siku ya kwanza, ya pili, ya tatu. Watu walikuwa wengi, hawana pa kulala, wakaniambia tufungue chumba kile. Nikawaambia, hapana, kina wenyewe, wako njiani. Siku ya nne nikakunja mashuka."

Wasomaji wetu, tunaandika safu hii mwaka wa ngapi sasa, na mara ngapi tumekunasihini juu ya kuunga udugu, kuzuru wagonjwa na kuwapa pole wafiwa. Pale shambani hatukuwa na nasaha hata moja. Dada mkubwa alianza kutaja mtihani wa mtoto na nauli, akaacha katikati, kwa sababu kila udhuru, ukiwekwa kando ya kitanda kilichotandikwa siku tatu, ulikuwa mwepesi kuliko shuka. Tukasema lile tu lililobaki: "Tumekukosea. Tusamehe."

Akajinyoosha, akajifuta jasho kwa ncha ya kanga. "Nimekusameheni kabla hamjavuka bahari," akasema. "Ningekuwa sijasamehe, nisingekuambieni. Ila jambo moja: msimfanyie mwengine. Na kama hamwendi, semeni hamwendi. Mfiwa apate kukunja mashuka mapema."

Kisha akatuonyesha nafasi mbili tupu mwishoni mwa mstari, mahali ambapo mikarafuu miwili ilikufa, akatuambia tupande sisi wenyewe. Tukapanda, mmoja kila mtu, watoto wakamwagilia. Mkarafuu huchukua miaka kadhaa kabla ya kuzaa. Alituambia hivyo kwa makusudi, nasi tulimwelewa: anatutaka turudi, tena si mara moja.

Siku ya kuondoka alitufungia karafuu, halua ya Wete, na matawi ya mkilua yaliyozungushiwa kitambaa kibichi. Melini hatukucheka sana, ingawa bahari ilikuwa shwari. Mdogo wetu aliuliza kama ndege watakula kwenye miti yetu sisi pia. Tukamwambia inshallah, ikishakua.

Tumefika Mombasa salama, na jambo la kwanza tulilofanya ni kuchukua kalamu na karatasi. Tumeandika majina ya wafiwa, wagonjwa na wazazi waliojifungua ambao tuliwaambia "tutakuja". Yalitoka majina tisa. Wawili wako mtaa huu huu wetu, hatua mia haziishi. Alhamisi tumekwenda kwa wa kwanza, bibi aliyefiwa na mwanawe tangu Rajabu. Alipotufungulia mlango alitutazama kitambo, kisha akatuuliza, "Ni nyinyi?" Tulikaa naye hadi Magharibi. Tulipotaka kuondoka alitushika mikono, akasema chai haijakwisha.

Wamebaki wanane. Nanyi mkae na kalamu zenu.

Wabillahi tawfiq. Tukutane wiki ijayo, inshallah.