Ushauri Nasaha Ni Haki, Si Sadaka

Kifungu cha 43 cha Katiba ya 2010 chatambua haki ya kila mtu ya afya. Mbona basi kijana wa Mathare aliyenaswa na chang'aa au bangi hufikiwa na pingu kabla ya kufikiwa na mshauri? Mwenye mali humpeleka mwanawe katika kituo cha kulipiwa. Mwana wa maskini hutupwa korokoroni, akatoka na kiu ile ile.

Simu 1192 ya NACADA hupigwa bila malipo, nasi twaishukuru. Hata hivyo, kijana ahitaji pia mtu wa kuketi naye. Twazidai kaunti, zilizokabidhiwa huduma za afya mwaka 2013, ziajiri washauri wasiotoza ada. Nanyi waumini, wafungulieni vijana chumba kimoja cha kanisa katikati ya juma. Serikali ikichelewa, tusichelewe nayo.