UZAMILI WA UCHUMI: TUNANUNUA ELIMU AU TUNANUNUA CHETI?



Kila mwaka Septemba ikikaribia, simu zinaanza kulia huku Uingereza. Mjomba yuko Morogoro, dada yuko Tanga, wote swali lao ni moja: kijana amepata chuo, anakuja kusoma digrii ya pili ya uchumi, je anaweza kufikia kwako wiki mbili tatu huku akitafuta chumba? Ukiuliza ada imepatikanaje unaambiwa kiwanja kimeuzwa, baba kachukua mkopo kazini, na zilizopungua ndiyo hizo sisi wabeba maboksi tunachangishwa. Kuchangishwa si tatizo, ndiyo undugu wenyewe. Tatizo ni kwamba katika mlolongo wote huo wa simu hakuna anayeuliza kijana anakwenda kusoma nini hasa, na kwa nini akasomee huku na si kwingine.

Nasema wazi hoja yangu ili anayetaka kunipinga ajue pa kuanzia. Kwa kijana wa kwetu anayelipiwa na ukoo, digrii ya pili ya uchumi ya mwaka mmoja Uingereza mara nyingi ni ununuzi wa cheti kwa bei ya nyumba. Zipo njia mbili bora zaidi, moja iko nyumbani na nyingine iko Marekani, na zote mbili tunazipuuza kwa sababu hatuzijui.

Tuanze na huo mwaka mmoja. Mtoto anatua Septemba, baridi inaanza. Wiki ya kwanza tu anakutana na masomo matatu ambayo ndiyo uti wa mgongo wa uchumi wa ngazi hiyo popote duniani: uchumi wa mtu na kampuni, yaani maikro, uchumi wa taifa, yaani makro, na ekonometriki, yaani kupima nadharia kwa takwimu. Yote matatu ni hesabu. Si hesabu za kujumlisha mapato na matumizi, ni hesabu za kuthibitisha hoja hatua kwa hatua. Kijana aliyesoma uchumi wa maelezo nyumbani, akafaulu vizuri kwa insha, anajikuta haelewi ubao unasema nini. Mitihani iko mlangoni, nyingine inafuata Mei au Juni, kiangazi anaandika tasnifu, Septemba amemaliza. Na katikati ya hayo yote anafanya kazi usiku zile saa 20 kwa wiki anazoruhusiwa na visa wakati wa muhula. Niambieni, hapo amesoma saa ngapi? Anapita, anapiga picha na joho, lakini ukimpa jedwali la takwimu za bei za mahindi na kumwuliza kwa nini zimepanda, anakurudisha kwenye magazeti.

Simlaumu kijana. Mwaka mmoja unamtosha aliyekuja na msingi. Asiye na msingi anakuwa analipa ada ya mgeni ili kufundishwa kwamba hana msingi.

Sasa njia ya nyumbani. Mwaka 1988 liliundwa shirika Nairobi linaloitwa AERC, la utafiti wa uchumi Afrika. Mwaka 1993 likaanzisha programu ya pamoja ya digrii ya pili ya uchumi, ambayo vyuo kama Dar es Salaam, Makerere na Nairobi vilishiriki. Mpangilio wake ulikuwa wa akili sana. Wanafunzi walisoma masomo ya msingi katika vyuo vyao, halafu walikusanywa Nairobi kwa miezi kadhaa kusoma masomo ya kuchagua pamoja na wenzao wa nchi nyingine, mbele ya wahadhiri waliotafutwa sehemu mbalimbali. Mwaka 2002 ikafuata programu ya PhD kwa mtindo huo huo. Sababu ilikuwa rahisi: chuo kimoja hakiwezi kuajiri bingwa wa kila somo, lakini vyuo vingi vikichanga vinaweza.

Atakayesema elimu ya nyumbani ni ya daraja la pili ajibu hili: Dk. Philip Mpango, aliyekuwa Waziri wa Fedha kuanzia 2015 na Makamu wa Rais kuanzia 2021 hadi 2025, PhD yake ya uchumi ni ya Chuo Kikuu cha Dar es Salaam. Unaweza kupinga sera zake, na mimi zipo nilizozipinga, lakini huwezi kusema chuo kilimzuia kufika.

Njia ya pili ni Marekani, na hapa ndipo wengi hawaamini nikiwaambia. Kwenye vyuo vingi vya utafiti kule, mwanafunzi wa PhD ya uchumi halipi ada. Chuo kinamsamehe ada na kumpa posho ya kuishi, naye anasaidia kufundisha wanafunzi wa chini au kumfanyia profesa utafiti. Si lazima uwe na digrii ya pili kwanza, wapo wanaoingia moja kwa moja kutoka digrii ya kwanza. Ni miaka mitano hadi sita ya kazi ngumu, na baada ya mwaka wa kwanza kuna mitihani mikubwa ambayo ukishindwa unaonyeshwa mlango. Wanachoangalia kwenye maombi ni alama za hesabu na barua tatu za wahadhiri wanaokufahamu kweli. Maombi mengi hufungwa kuanzia Desemba kwa masomo ya Agosti au Septemba inayofuata. Kwa hiyo mlango ule haufunguliwi na kiwanja cha baba, unafunguliwa na aljebra.

Njia hiyo si ngeni kwetu. Profesa Ibrahim Lipumba alipata PhD yake Stanford. Marehemu Profesa Benno Ndulu aliipata Northwestern, karibu na Chicago, akarudi kufundisha Dar es Salaam, akaongoza hiyo hiyo AERC, na akawa Gavana wa Benki Kuu kuanzia 2008 hadi 2018, kabla ya kufariki Februari 2021. Wawili hao siasa zao hazikufanana, lakini wote walikuwa na uwezo wa kukaa mezani na mgeni na kumwambia: hesabu yako ina kasoro, tazama hapa.

Na hilo ndilo linalonifanya niandike, maana hii si hadithi ya ajira ya mtoto wa mjomba peke yake. Mwaka 1986 Tanzania ilikubaliana na IMF, shilingi ikashushwa thamani, na maisha ya wazazi wetu yakabadilika. Mwaka 2001 tukakamilisha masharti ya mpango wa msamaha wa madeni kwa nchi maskini. Jirani zetu Kenya walikopa dola bilioni 2 kwenye soko la kimataifa Juni 2014, na mkopo ulipokaribia kuiva Juni 2024 ikabidi wakope tena bilioni 1.5 mwezi wa Februari kwa riba ya karibu asilimia 10 ili kulipa sehemu ya ule wa kwanza. Juni hiyo hiyo vijana wakawa barabarani kupinga muswada wa kodi. IMF na Benki ya Dunia hupanga nchi kama zetu kwa hatari ya deni: ndogo, ya kati, kubwa, au tayari imekwama. Upangaji huo unategemea makadirio ya ukuaji wa uchumi na mauzo ya nje. Anayeweza kuyahoji makadirio ni aliyesoma ile ekonometriki mpaka ikamwingia. Sisi tuliobaki tunahoji kwa kelele, na kelele haziingii kwenye jedwali.

Najua yatakayosemwa. Moja, cheti cha nje kinaheshimiwa na waajiri nyumbani. Kweli, lakini aliyerudi na cheti bila ujuzi anagundulika siku ya kazi ya kwanza. Pili, visa ya Uingereza inampa kijana nafasi ya kubaki na kufanya kazi. Hilo nalo ni kweli, na kama lengo ni hilo basi tuliseme kwa jina lake, tusiuze kiwanja kwa jina la uchumi. Tatu, kuna udhamini kama Chevening na ule wa Jumuiya ya Madola. Hapo sina ubishi kabisa! Anayelipiwa aje, tena tutampokea uwanja wa ndege. Chevening humtaka arudi nyumbani angalau miaka miwili, na hilo ni jema.

Tufanye nini? Kwanza, kijana anayepiga simu aulizwe alama zake za hesabu kabla ya kuulizwa jina la chuo. Pili, aliye mwaka wa kwanza au wa pili Dar, Dodoma au Nairobi achukue kila somo la hesabu na takwimu analoruhusiwa, hata kama wenzake wanamcheka. Tatu, vyama vyetu vya Reading, Leicester na kwingineko vinavyokodi ukumbi kila Desemba vitenge sehemu ya fedha hizo kumlipia mwanafunzi mmoja uzamili nyumbani, na tuliosoma hesabu tumfundishe kwa mtandao jioni mbili kwa wiki. Nne, watoto wetu waliokulia huku na wanaostahili ada ya wenyeji tuache kuwasukuma wote kwenye famasia na uhasibu, tuwaambie kwamba uchumi nao ni kazi.

Kiwanja kikishauzwa hakirudi. Basi kabla ya kukiuza, tumpe kijana karatasi na kalamu tuone hesabu zake zimefika wapi.

Naomba kuwasilisha.