Magunzi si taka: nilivyobadili mawazo kuhusu gesi ya mimea

Najua nimekuwa kimya, na najua wengi wenu huja hapa kusoma habari za programu na simu. Leo mnivumilie, nataka tuongee kuhusu moto, moshi na kinu cha posho. Msomaji mmoja aliniuliza kama ile mashine ya kugeuza mabaki ya shamba kuwa gesi ya kuendesha injini inafaa kununuliwa na kikundi chao. Nilianza kumjibu kwa mistari miwili, jibu likawa refu hivi. Tena nina deni: niliwahi kuisifu mashine hiyo hapa hapa, na kuna watu waliotoa pesa zao kwa sababu ya maneno yangu.

Kwanza tuelewe inavyofanya kazi, kwa sababu ni jambo zuri kweli na silikani.

Kama umewahi kupita karibu na tanuri la makaa, lile tuta la udongo lenye kuni ndani, umeona moshi mzito mweupe ukitoka juu. Moshi ule si takataka. Ni mvuke wa maji uliochanganyika na gesi na lami, na sehemu kubwa yake ingeweza kuwaka kama ingepata hewa na joto la kutosha. Mchoma makaa anaupoteza hewani. Gasifaya ni chombo cha kuukamata. Unajaza kuni, magunzi au maganda makavu kwenye pipa la chuma, unawasha chini, kisha unaingiza hewa kidogo tu, isiyotosha kuchoma kila kitu. Sehemu ndogo inaungua na kutoa joto la zaidi ya nyuzi 1,000. Joto hilo linakausha na kuoka mabaki yaliyo juu yake mpaka yatoe moshi na yenyewe yawe makaa. Halafu, na hapa ndipo penye akili, moshi wote unavutwa kushuka chini kupitia yale makaa mekundu. Kaboni dioksidi ikipita kwenye makaa moto inageuka kuwa kaboni monoksidi. Mvuke wa maji unatoa haidrojeni. Lami inavunjika vipande vidogo na kuwa gesi pia. Kinachotoka kinapozwa, kinachujwa, kinaingia kwenye injini.

Gesi yenyewe ni dhaifu. Karibu nusu yake ni nitrojeni ya hewani, isiyowaka. Kaboni monoksidi ni kama asilimia 20, haidrojeni kati ya 15 na 20, methani kidogo. Ukilinganisha na gesi asilia, nguvu yake kwa kila mita ya ujazo ni kama moja kwa saba. Lakini injini inazunguka. Wakati wa Vita vya Pili vya Dunia, petroli ilipokosekana, mamia ya maelfu ya magari ya Ulaya yalitembea kwa kuni, mengi yakitumia muundo wa Mfaransa Georges Imbert wa miaka ya 1920. Dereva alibeba gunia la vijiti badala ya mtungi wa petroli. Vita vilipokwisha na petroli kurudi, magari hayo yalitoweka haraka sana. Niliposoma habari hizo mara ya kwanza niliona ajabu kwamba yalikuwepo. Swali la kwa nini watu waliyaacha mara tu walipopata nafasi sikujiuliza, na ndilo lililokuwa la maana.

Basi, mwaka 2018 kikundi cha nyumbani kwetu, huko Trans Nzoia, kilikuwa na kinu cha posho kinachoendeshwa na injini ya dizeli. Dizeli ilikuwa inakula faida yote. Wanachama ni familia 22, wote wakulima wa mahindi, na kila msimu kuna vilima vya magunzi baada ya kupukuchua. Mimi ndiye kijana wa kikundi anayejua kompyuta, kwa hiyo kwao ninajua kila kitu chenye waya. Mwuzaji mmoja alikuja na picha nzuri. Wazee wakanigeukia: wewe unasemaje? Nikasema tununue. Nikaahidi hata kuitengenezea mfumo wa kuichunga kwa simu.

Na niliutengeneza. Vihisi vitatu vya joto, kimoja cha mkandamizo, bodi ndogo ya Arduino, na kifaa cha laini ya simu cha kutuma SMS. Nikiwa Nairobi ningeweza kujua joto chini ya makaa ni nyuzi ngapi. Nilijivunia sana. (Msimbo wake bado ninao, na bado naona ni safi.)

Desemba na Januari mambo yalikwenda vizuri. Joto lilipanda hadi 850 na kubaki hapo. Injini ya dizeli haina plagi, kwa hiyo gesi peke yake haiwezi kuiwasha. Lazima dizeli kidogo iendelee kuingia ili iwashe mchanganyiko. Hata hivyo tuliokoa karibu theluthi mbili ya dizeli. Nguvu ya injini ilipungua, kinu kikawa cha polepole, lakini watu walivumilia. Ndipo nilipoandika ile makala ya sifa.

Mwezi wa nne mvua zikaanza.

SMS zikaanza kuja usiku na mchana. Nyuzi 700. Nyuzi 640. Nikadhani kihisi kimeharibika, nikabadilisha. Nikadhani hesabu zangu za wastani zina kosa, nikaandika upya. Sisi watu wa programu tuna ugonjwa huo: chombo kikitoa habari mbaya, tunatengeneza chombo. Nilipopakua kumbukumbu za miezi mitano na kuzichora, jambo likawa wazi. Kila siku iliyofuata mvua, joto lilishuka. Magunzi yalikuwa yamelala kwenye banda la miti lililo wazi pande zote. Gasifaya ya aina ile inataka mabaki yenye unyevu chini ya asilimia 20. Yakizidi hapo, joto linalopaswa kuvunja lami linaishia kuchemsha maji, na lami inapita nzima nzima hadi kwenye injini. Fundi alipoifungua injini, valvu zilikuwa zimeshikana kama zimemwagiwa gundi nyeusi. Gharama ya kuitengeneza ilimeza akiba yote ya dizeli, na zaidi.

Hilo lingerekebishika. Jenga banda zuri, kausha, chuja, safisha. Lakini kulikuwa na mambo mawili mengine ambayo banda haliyatibu.

La kwanza ni hesabu ambayo ningepaswa kuifanya kabla, kwenye karatasi moja, kwa dakika kumi. Kinu cha kilowati 10 kikifanya kazi saa 6 kinatumia kilowati-saa 60. Dizeli ikibeba theluthi moja, zinabaki 40 za gesi. Kila kilowati-saa inahitaji kilo moja na robo hivi ya mabaki makavu. Hizo ni kilo 50 kwa siku. Sasa, gunia la mahindi la kilo 90 linakuachia kama kilo 18 za magunzi, kwa hiyo kila siku tulihitaji magunzi ya karibu magunia matatu. Kwa siku 300 ni magunia zaidi ya 800. Familia 22, kila moja ikivuna magunia 20, ni 440. Yaani hata kama kila mwanachama angetoa kila gunzi lake, tusingefika miezi saba.

Kwa hiyo tukaanza kununua kwa majirani. Shilingi 50 kwa gunia. Watoto wakaona ni biashara, wakawa wanazunguka boma kwa boma.

Siku moja nikiwa nyumbani, mama mmoja jirani yetu, mjane, alinisimamisha njiani. Aliniuliza habari za Nairobi, akauliza habari za mama yangu, kisha akasema: "Mwanangu, haya magunzi mnayoyaita taka, sisi ndiyo tulikuwa tunapikia." Hakulalamika zaidi ya hapo. Alikuwa na eneo dogo, alizoea kuokota magunzi kwa waliovuna vingi, bure, kama ilivyo desturi. Sasa yalikuwa na bei. Yeye akarudi kwenye kutafuta kuni mbali.

Nilikaa na maneno hayo. Kila tovuti ya teknolojia hii, kila kijitabu, kinaanza na neno lile lile: taka. Mabaki yanayooza bure, nishati inayopotea. Lakini taka ya nani? Kwetu gunzi ni kuni za nyanya. Bua ni chakula cha ng'ombe wakati wa kiangazi, na linalobaki shambani ni mbolea. Mtu asiyepika kwa moto wa kuni ndiye anayeona lundo na kusema halina mwenyewe. Mimi nina jiko la gesi ya mtungi Nairobi, na mimi ndiye niliyeandika neno taka kwenye ile makala.

La pili lilinitisha zaidi. Kwa sababu ya mvua, vijana walisogeza gasifaya chini ya paa la kinu, na kuta zake zikazibwa kwa mabati. Kijana anayesimamia alianza kuumwa kichwa, siku moja akatapika na kushindwa kusimama. Wakamtoa nje, akapata nafuu. Wote walidhani ni malaria. Nilipoambiwa kwa simu nilijua mara moja. Kaboni monoksidi ndiyo roho ya gesi hii, ndiyo inayowaka, na haina harufu wala rangi. Ukiivuta inashika damu mahali pa oksijeni. Nilikuwa nimefunga vihisi vinne kwenye mashine ile, vyote vya kuchunga mashine. Cha kumchunga mtu hakikuwepo hata kimoja. Usiku huo niliwaambia waizime na sikuwahi kuwaambia waiwashe tena.

Sasa, je, ninasema teknolojia hii ni bure? Hapana, na ndugu aliyeniuliza asinielewe hivyo. Ninasema ina mahali pake, na mahali pake si kinu cha kijiji.

Angalia Bihar, India. Kampuni ya Husk Power Systems ilianza huko mwaka 2007 kwa maganda ya mpunga. Maganda ni kama asilimia 20 ya uzito wa mpunga, na yanabaki kwenye kinu cha mchele, yamekauka, yana ukubwa mmoja, na ng'ombe hayapendi. Hakuna aliyetembea boma kwa boma kuyaokota. Hata hivyo maganda yana majivu mengi sana ya silika, kwa hiyo yanataka gasifaya iliyotengenezwa kwa ajili yake, si hii ya magunzi. Na hata kampuni hiyo baadaye ilihamia sola kwa sehemu kubwa ya kazi, kwa sababu bei ya sola ilishuka na sola haina lami. Au Muzizi, magharibi mwa Uganda: kiwanda cha chai kilifungiwa gasifaya ya kilowati 250 mwaka 2006, na kuni zake zilikuwa mikaratusi ya shamba lenyewe.

Hapa kwetu mimi ningeanzia Mwea, palipo na vinu vya mchele na malundo ya maganda. Ningeangalia pia viwanda vya kukoboa kahawa na vya mbao, mahali ambapo mwenye lundo analipa mtu alitoe. Na ningeanza na joto, si stima. Gesi ikichomwa moja kwa moja kukausha mpunga au kahawa, lami inaungua ikiwa moto na hakuna injini ya kuua. Ukitaka umeme mwingi kutoka kwenye makapi ya miwa, mara nyingi kuchemsha maji kunatosha: kiwanda cha sukari cha Mumias kilianza mwaka 2009 kuuza megawati 26 kwenye gridi kwa njia hiyo ya kizamani ya mvuke. (Kilivyokufa baadaye ni habari nyingine, haikuwa kosa la makapi.)

Kwa upande wa jikoni, kuna majiko madogo ya aina hii, yanayowashwa kutoka juu. Yamejaribiwa vijijini Embu. Yanapika kwa moshi mdogo na mwishoni unabaki na makaa ya kutumia tena au kutia shambani. Hilo mjane wa kwetu angelifurahia kuliko kinu changu, maana magunzi yangebaki yake.

Ndugu uliyeuliza: kabla ya kumpa mwuzaji hata shilingi, nenda na mizani. Pima lundo lenu msimu mzima, si Januari peke yake. Vunja gunzi la mwezi wa tano uone kama linatoa mlio au linapinda. Kisha waulize akina mama wa kikundi, si wazee peke yao, lile lundo hutumika kwa nini. Kama mtaendelea baada ya hapo, mashine ikae nje, isiwe na ukuta hata mmoja, na kihisi cha kwanza kiwe cha kaboni monoksidi.

Kinu chetu kilirudi kwenye dizeli, na mchango wa wanachama ninaulipa kidogo kidogo, nimebakiza familia sita. Bodi ya Arduino na vihisi vyake viko hapa mezani, vinafanya kazi vizuri. Kama kuna mtu mwenye kinu cha mchele Mwea anayetaka kujaribu kukausha mpunga kwa maganda yake, aniandikie, nitamwazima.