Joto Hili, na Bado Mnataka Ugali

Nina ugomvi na sheria moja ambayo haikupitishwa bungeni lakini Komarock inaifuata kuliko sheria za barabarani. Inasema hivi: chakula cha jioni lazima kipikwe jioni, lazima kifike mezani kikitoa moshi, na lazima pembeni kuwe na ugali. Ukivunja kipengele kimoja, hujapika. Umetafuta tu "kitu ya kula".

Mimi naomba sheria hii isimamishwe kuanzia Januari hadi mvua ya Machi inyeshe. Nikipata watu wa kuniunga mkono, tuifute kabisa.

Najua watu wa Mombasa watacheka. Joto la Nairobi ni joto gani? Mchana wa Februari ni nyuzi 28 au 29, siku mbaya zinapita 30, na usiku unajifunika blanketi. Kwa Garissa hayo ni mapumziko. Lakini watu wa joto walijenga kwa kufikiria joto. Katika nyumba za zamani za mawe kule Lamu, jiko liliwekwa juu kabisa, kwenye dari, ili moshi na moto viende zao na upepo, na watu walale chini kwenye ubaridi. Walijua kwamba anayepika ni mtu.

Sisi tulijenga kwa kufikiria kodi ya nyumba. Komarock ilipoanza ilikuwa na nyumba zenye nafasi ya kupumua, kipande cha ua, mahali pa kuanika nguo na hata kupanda sukuma mbili tatu. Leo tembea Sekta yoyote uone: ua umekuwa vyumba vya kupanga, juu ya vyumba kuna vyumba vingine, na dirisha la jikoni linaangalia ukuta wa jirani. Jua linapiga zege kuanzia asubuhi. Saa moja jioni, nje kuna upepo mzuri unatoka upande wa Athi, lakini ndani ya nyumba ya juu zege ndiyo kwanza inaanza kutema ulichokunywa mchana kutwa. Hapo ndipo unaambiwa washa meko, teleka maji, yachemke mpaka yaruke, mwaga unga, kisha simama juu yake na mwiko. Na huwezi kutoa jiko nje. Kwenye ploti nyingi, ukiweka jiko la makaa kwenye korido, msimamizi anapanda ngazi kabla makaa hayajashika.

Wale wa chumba kimoja, nisiwasahau. Kwao jikoni na kitandani ni hatua mbili. Ugali ukiiva saa mbili, kitanda kimeiva pia.

Halafu kuna lile swali. "Leo tunakula nini?" Linaulizwa kwa upole, mtu akiwa amelala kwenye kochi na miguu juu, na anayeuliza anaamini kabisa kwamba anashiriki. Lakini kuuliza si kazi. Kazi ni kujibu. Anayejibu anapiga hesabu nne kwa pamoja: pesa iliyobaki kwa simu, gesi iliyobaki kwa mtungi (unautikisa, unakisia), nani hali nini, na sasa joto. Shirika la takwimu, KNBS, lilipofanya utafiti wa jinsi Wakenya wanavyotumia muda wao mwaka 2021, lilikuta wanawake wanatumia kwa kazi za nyumbani zisizolipwa muda unaokaribia mara tano ya ule wa wanaume. Sijui kama walihesabu dakika za kusimama mbele ya mama mboga ukiwaza. Mimi ningezihesabu. "Kastoma, ni sukuma ya mbao ama ya finje?" Na wewe umesimama pale kama mtahiniwa, jua la saa kumi na moja likikuchoma kisogo.

Ukitafuta msaada kwa simu ndiyo utachoka zaidi. Mtandao una kalenda yake, na hiyo kalenda si yetu. Februari, sisi tukikaangika, unaletewa supu nzito za kupasha mwili, kwa sababu kule Ulaya na Marekani ni theluji. Julai, watoto wetu wakienda shule na sweta mbili na makoti, ndipo zinakuja saladi baridi za "summer". Magazeti yetu na kurasa zetu za mapishi zinanakili tu. Hatuna summer. Tuna kiangazi, na kiangazi chetu kinafika maembe yakiwa tele kutoka Ukambani, yakishuka na barabara ya Kangundo hadi mlangoni petu. Hakuna anayeandika juu ya embe bichi lililokatwa na kitunguu, dhania, pilipili na ndimu kama kitu cha kuweka kando ya sahani ya jioni. Hicho tunakiita "cha watoto wa shule". Tumebaki na mapishi ya msimu wa watu wengine.

Sasa twende kwa ugali wenyewe. Ukisema hadharani kwamba ugali wa kila usiku si lazima, unaonekana umetukana ukoo. "Ni chakula chetu cha asili." Kweli? Mahindi yalivuka bahari kutoka Amerika. Babu zetu wa mbali walisaga wimbi, mtama na mawele, wakala nduma, ndizi, kunde. Mahindi meupe yalitawala sahani zetu wakati wa ukoloni, na sababu kubwa ilikuwa ni kwamba unga wake ulikuwa rahisi kumpimia mtu anayefanyishwa kazi. Neno lenyewe lipo bado: posho. Maana yake ni fungu la chakula unalopimiwa na mwajiri. Wapagazi wa Vita vya Kwanza vya Dunia, wale wa Carrier Corps waliotuachia jina la Kariokor pale mjini, walilishwa unga wa mahindi, na wengi waliugua matumbo kwa sababu haukuiva vizuri porini. Baada ya vita posho ikaendelea kwenye mashamba ya walowezi na kwenye reli. Hadi leo mashine ya kusaga tunaiita posho mill.

Sisemi kwamba ugali ni mbaya. Naupenda, hasa na matumbo. Nasema ni chakula, na chakula kina siku yake. Kitu kilichoanza kama kipimo cha bwana shamba kisigeuzwe amri ya Mungu ya kumsimamisha mtu motoni kila jioni, joto liwe joto, mvua iwe mvua.

Wapinzani wangu nawajua, nakaa nao.

Wa kwanza ni yule wa shibe. "Mwanamume haendi kazini na tikiti maji tumboni." Ndugu yangu, mchana ulikuwa Industrial Area, na saa saba ulikula ugali kwa kibanda, mlima mzima. Unataka mlima wa pili saa mbili usiku, kisha ulale? Na nani kakwambia naongea juu ya tikiti maji? Naongea juu ya githeri, mahindi na maharagwe, kitu kinachokaa tumboni hadi asubuhi bila kuomba msaada. Naongea juu ya viazi vitamu vilivyochemshwa alfajiri na bilauri ya maziwa lala. Hiyo si njaa. Hiyo ni shibe ambayo haikumtoa mtu jasho jioni.

Wa pili ni mama mkwe, na kwake naenda na adabu zangu zote. Anasema, "Mwanangu hawezi kulala na chakula baridi." Mama, nakuheshimu, lakini ni wewe uliyenihadithia jinsi mlivyokuwa mkibeba isyo shambani, imepikwa jana, mkala chini ya mti na kurudi kwa jembe. Isyo na githeri ni kitu kimoja, na wakati ule haikuwa aibu. Wakalenjin wana mursik, na hakuna anayeupasha moto. Mahamri na mbaazi Mombasa yanaliwa yamepoa na hakuna aliyelia. Kula kilichopoa ni jambo la kale hapa kwetu. Hii imani kwamba chakula bila moshi ni dharau imetujia na jiko la ndani ya nyumba na mtu wa kusimamishwa mbele yake.

Wa tatu ndiye mwenye hoja, na simpuuzi. Anasema joto hilo hilo linaharibu chakula. Ni kweli. Wali uliolala kwenye sufuria siku nzima ya Februari utakupeleka Mama Lucy usiku. Maharagwe yaliyoungwa na nyanya asubuhi yatakuwa yamechacha jioni, na kitu cha nazi usijaribu kabisa. Wengi hatuna friji, na wenye friji wanaangalia tokeni. Kwa hivyo sisemi pika chochote asubuhi ukiache. Nasema chagua. Viazi na nduma vilivyochemshwa vikakauka vinavumilia mchana. Mayai ya kuchemsha yanavumilia yakiwa kwenye ganda, mahali penye kivuli. Maziwa lala yamekwisha chacha kwa kupenda, kwa hivyo hayakutishi. Kachumbari inakatwa dakika ya mwisho. Ndengu au githeri inayonunuliwa imechemshwa jioni hiyo hiyo inaliwa jioni hiyo hiyo.

Na hapo ndipo nilipokuwa naelekea. Pita barabarani kati ya Komarock na Kayole saa kumi na moja jioni. Utakuta mama ana sufuria kubwa kama ngoma, githeri imeiva tayari, anapima kwa kikombe. Mwingine ana maharagwe na ndengu. Mama mboga naye anakukatia sukuma huku mkiongea. Moto mmoja umepikia nyumba hamsini. Sasa hesabu njia ile nyingine: nyumba hamsini, kila moja imewasha meko yake kuchemsha maharagwe saa mbili nzima, kila moja imepasha zege yake, kila moja imemaliza gesi yake. Kwa akili gani hii ya pili inaitwa heshima na ile ya kwanza inaitwa uvivu?

Gesi yenyewe serikali imeichezea kama kamari. Julai 2021 waliiwekea kodi ya ongezeko la thamani ya asilimia 16, mwaka uliofuata wakashusha hadi 8, na 2023 wakaiondoa. Mafuta ya taa walishayatoza zaidi mwaka 2018. Na mwaka 2024 wakapendekeza mkate, chakula cha jioni cha mtu asiye na moto, nao ulipe asilimia 16. Pendekezo hilo liliondolewa, na mswada wenyewe ukaangushwa na vijana barabarani Juni hiyo. Kila mtu alizungumzia mkate wa asubuhi. Mimi nilikuwa nawaza mkate wa usiku, wa yule ambaye mtungi umeisha tarehe 20.

Mtaniambia: mama githeri si mtu? Hujamhamishia joto lako? Swali zuri, na nimelijibu kwanza kwa kumuuliza mwenyewe. Anapikia nje, kwenye upepo, na analipwa. Tofauti iko hapo. Joto lake lina bei, langu halina. Anayemtesa zaidi, alivyoniambia, ni kanjo, ambao wakifika wanamwaga sufuria au wanaibeba kwenye gari. Sufuria ikimwagwa, nyumba hamsini zimerudishwa motoni. Kama kaunti inataka kutusaidia na kiangazi, haihitaji kongamano la tabianchi hotelini. Iwape hao kina mama kivuli, maji ya mfereji na choo karibu, iwakague usafi kama inavyopaswa, iwakatie leseni ya bei wanayoweza, kisha iwaache wauze.

Kwenye nyumba, mapendekezo yangu ni machache. Januari hadi mvua, ugali mara mbili kwa wiki, usiku wenye upepo. Siku nyingine ni githeri ya kununuliwa na kachumbari ya embe, viazi vitamu na maziwa lala, mkate na mayai, au ndengu na chapati za yule kijana wa kona. Anayetaka ugali nje ya ratiba ana haki hiyo kamili. Unga uko kwenye ndoo, mwiko umetundikwa nyuma ya mlango, na maji yanachemka kwa mkono wa mwanamume vizuri tu.

Na lile swali libadilishwe. Asiulize mtu "leo tunakula nini?" kutoka kwenye kochi. Aulize akiwa stejini, ameshuka matatu, pesa mkononi, amesimama mbele ya sufuria ya mama githeri: "Nibebe vikombe vingapi?" Swali hilo nitalijibu haraka sana.