Sodo za Bure Shuleni: Tusizipime kwa Daftari la Mahudhurio

Tangu mwezi wa Juni 2017, sheria ya elimu ya msingi nchini Kenya yaitaka Serikali impe kila msichana aliyevunja ungo, na aliyeandikishwa katika shule ya umma, sodo za bure, zilizo bora na za kutosha, na pia iweke njia salama ya kuzitupa. Kabla ya hapo, mwaka 2004, bidhaa hiyo ilikuwa imekwisha kuondolewa kodi ya ongezeko la thamani. Hatua zote mbili zastahili sifa. Lakini hoja inayotolewa aghalabu kuzitetea, kila fedha zinapoombwa, ni moja tu: kwamba msichana asiye na sodo hukosa masomo siku kadhaa kila mwezi, na kwamba akipewa atahudhuria. Kwa maoni yangu hoja hiyo ni dhaifu, na kwa kuiegemea tumejitegea mtego wenyewe.

Hebu tuitazame kwa jicho la sayansi. Mwaka 2011 wachumi wawili, Emily Oster na Rebecca Thornton, walichapisha matokeo ya jaribio walilolifanya katika wilaya ya Chitwan, Nepal, pamoja na wasichana 198. Baadhi yao, waliochaguliwa kwa kura, walipewa vikombe vya hedhi. Wasichana walivipenda, wakavitumia, lakini mahudhurio hayakubadilika. Sababu ilikuwa nyepesi: ilionekana kwamba siku walizozikosa kwa ajili ya hedhi, hata kabla ya kupewa chochote, hazikufikia siku moja katika mwaka mzima wa shule.

Msomaji aweza kusema kwamba Nepal si kwetu. Basi na tuje Siaya, magharibi mwa Kenya. Huko, katika shule 30 za msingi, wasichana 751 waligawanywa kwa shule zao katika makundi matatu. Kundi la kwanza lilipewa vikombe vya hedhi, la pili sodo kila mwezi, na la tatu likaendelea na desturi yake. Wote walipewa sabuni na mafunzo ya balehe. Matokeo yalichapishwa mwaka 2016. Walioacha shule walikuwa asilimia 8.0 katika kundi lisilopewa kitu, asilimia 10.2 katika kundi la sodo, na asilimia 11.2 katika kundi la vikombe. Kwa kipimo cha takwimu tofauti hizo hazina uzito, lakini ni wazi kwamba msaada ule haukumzuia msichana kuacha shule. Kuhusu utoro wa siku za hedhi, wasichana waliutaja kwa nadra mno hata watafiti wakashindwa kuupima.

Mtu wa hazina akizisoma takwimu hizi atauliza, na atakuwa na haki ya kuuliza: kwa nini basi tugharimie jambo lisilobadilisha kitu? Huo ndio mtego niliousema.

Lakini watafiti wa Siaya hawakutazama mahudhurio peke yake. Walipima pia magonjwa ya zinaa. Mwisho wa utafiti magonjwa hayo yalionekana kwa asilimia 7.7 ya wasichana wasiopewa kitu, na kwa asilimia 4.3 ya waliopewa sodo au vikombe. Jambo hili laweza kumshangaza msomaji, maana kitambaa au sodo haimwambukizi mtu kisonono wala haimkingi nacho. Maelezo yake yamkini yapatikana katika uchunguzi mwingine, uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa katika mashamba ya magharibi hiyo hiyo ya Kenya. Miongoni mwa wasichana wa umri wa miaka 15 walioulizwa, mmoja katika kila kumi alikiri kwamba amewahi kulala na mwanamume ili apate fedha za kununulia sodo.

Naomba sentensi hiyo isomwe mara ya pili. Msichana huyu si mtoro. Jina lake limo daftarini, na tiki imewekwa mbele yake asubuhi na alasiri. Gharama ya hedhi yake imelipwa mahali ambapo mwalimu wa zamu hapaoni, kwa mkopo wa mwili wake. Pakiti ya sodo aliyoipokea kutoka Serikalini humwondolea mwanamume wa namna hiyo kisingizio chake cha mwanzo. Hiyo ni faida ya afya ya jamii, na ndiyo ingepasa kuandikwa katika maombi ya fedha.

Tukilikubali hilo, hesabu yote ya ugawaji hubadilika. Ikiwa lengo letu ni mahudhurio, pakiti chache zikifika mwanzoni mwa muhula zatosha kuonyesha kwamba kazi imefanyika. Ikiwa lengo ni kumwondolea msichana haja ya kutafuta fedha, mwezi mmoja uliorukwa ni mwezi wa hatari. Hedhi hurudi baada ya siku 28 hivi, na hudumu siku tatu hadi saba. Msichana atumiaye sodo nne kwa siku, kwa siku tano, atahitaji 20. Pakiti ya sodo nane humalizika siku ya pili. Neno "za kutosha" lililomo katika sheria ni neno la hesabu, wala halikuwekwa kwa mapambo.

Kisha kuna likizo. Sheria imeifunga haki hii na shule, na shule hufungwa mara tatu kwa mwaka. Mwili haufungwi. Sijaona sababu ya kisayansi inayozuia pakiti za likizo zisitolewe siku ya kufunga shule, pamoja na ripoti ya mtihani.

Vikombe vya hedhi vyaweza kupunguza mzigo huu, kwa kuwa kimoja chaweza kutumika hadi miaka kumi. Vyataka lakini maji safi, sabuni, na sufuria ya kuchemshia, na choo chenye mlango unaofungika. Shule isiyo navyo isisukumiwe vikombe kwa sababu tu ni rahisi kwa mhasibu. Sodo nazo zina taabu yake: tabaka la chini ni plastiki isiyooza, na zikitupwa chooni shimo hujaa kabla ya wakati wake. Fungu la sheria linalohusu utupaji halina budi kupewa fedha zake lenyewe, badala ya kuachiwa mwalimu mkuu na kiberiti chake.

Limebaki suala la vyuo. Huko Scotland bidhaa hizi zilianza kutolewa bure mwaka 2018 katika shule, vyuo na vyuo vikuu pamoja, na tangu tarehe 15 Agosti 2022 sheria imewapa haki hiyo watu wote wenye kuzihitaji. Sheria yetu ya 2017 huishia kwenye elimu ya msingi. Msichana afanyaye mtihani wa kidato cha nne hupokea pakiti yake ya mwisho katika muhula ule. Mwaka unaofuata huenda akawa katika chuo cha ufundi au cha ualimu, mbali na mama yake, katika chumba cha kupanga, akiwa na fedha chache kuliko alizokuwa nazo nyumbani.