Mwanao akiumia kichwa uwanjani, mechi yake imeisha

Kila msimu wa UMISSETA, viwanja vya shule za sekondari za umma hujaa wavulana wanaowania nafasi katika timu za wilaya na mkoa. Mpira wa juu unakuja, wawili wanaruka, vichwa vinagongana. Mmoja anaanguka. Anamwagiwa maji, anainuka akiyumba, anarudi kucheza huku akishangiliwa.

Kijana huyo huenda amepata mtikisiko wa ubongo. Wazazi wengi hudhani kama mtoto hakuzimia, hakuna tatizo. Sivyo. Wengi wanaoupata hawapotezi fahamu. Dalili zake ni kichwa kuuma, kizunguzungu, kichefuchefu, kuona ukungu na kusahau matokeo ya mechi. Hata kipimo cha CT-Scan mara nyingi hakioneshi kitu.

Hatari kubwa ni kugongwa tena kabla ubongo haujapona. Ni nadra, lakini kwa vijana ubongo unaweza kuvimba ghafla na kusababisha kifo. Ndiyo maana wataalamu wanasisitiza kuwa anayeshukiwa kuumia asirudi uwanjani siku hiyo, hata akisema yuko sawa.

Marekani ilijifunza kwa maumivu. Mwaka 2006, Zackery Lystedt, mwanafunzi wa miaka 13 katika jimbo la Washington, aliumia kichwa akicheza mpira wa Kimarekani, akarudishwa mchezoni na akapata ulemavu. Mwaka 2009 jimbo hilo lilipitisha sheria kwamba mwanafunzi wa aina hiyo atolewe, na asirudi bila kibali cha maandishi cha mtaalamu wa afya. Kufikia mwaka 2014 majimbo yote 50 yalikuwa na sheria kama hiyo.

Kwetu, anayeamua mara nyingi ni mwalimu wa michezo, ambaye pia ndiye kocha anayetafuta ushindi. Kosa si lake peke yake. Amebebeshwa kazi mbili zinazopingana. Shule inaweza kuteua mwalimu mwingine, asiye kocha, awe na kauli ya mwisho. Hilo halihitaji bajeti. Aidha, tangu Julai 2024 sheria za soka zinawaruhusu waandaaji wa mashindano kutoa nafasi ya ziada ya kumbadilisha mchezaji aliyepata mtikisiko wa ubongo. Itumike hata katika mechi za shule.

Mzazi, mwanao akiumia kichwa, mwangalie kwa karibu siku ya kwanza. Akiwa bweni, mpigie simu mlezi wake. Akitapika mara kwa mara, maumivu yakizidi, akipata degedege, akisinzia kupita kiasi, akilegea upande mmoja au akitokwa na majimaji puani au masikioni, awahishwe hospitali. Asipokuwa na dalili hizo, bado aonwe na mtaalamu wa afya na apumzike siku moja au mbili. Arudi darasani kwanza. Uwanjani atarudi hatua kwa hatua, daktari akisharidhia.