Hedhi Ina Jina, Tulitaje Darasani

Neno bodaboda, linalotamkwa leo kuanzia Mombasa hadi Kampala bila mtu kuuliza maana yake, lilizaliwa mpakani. Husimuliwa kuwa waendesha baiskeli waliovusha abiria na mizigo baina ya Kenya na Uganda ndio waliolianzisha, wakiinadi safari yao ya kutoka mpaka mmoja hadi wa pili. Watu wa Busia na Malaba hawakusubiri kamusi wala kamati ya wataalamu. Walikuwa na shughuli, wakaipa jina, na jina likaenea. Swali langu ni hili: kwa nini katika miji hiyo hiyo, kama ilivyo katika sehemu nyingine nyingi za nchi yetu, jambo linalomfika kila msichana mwezi baada ya mwezi halitajwi na mwalimu mbele ya darasa ila kwa kuinamisha kichwa?

Jambo lenyewe ni hedhi. Neno hili si geni. Kiswahili kililipokea zamani kutoka Kiarabu, na kando yake yapo mengine: damu ya mwezi, kuingia mwezini, na kuvunja ungo kwa anayeiona damu hiyo mara ya kwanza. Wala wazee wetu hawakuliacha jambo hili bila msemaji. Pwani alikuwapo somo au kungwi wa kumfunda mwari. Miongoni mwa Waluhya kazi ya kuwaelekeza wasichana ilikuwa ya bibi na shangazi, ambaye wengi humwita senge, na ng'ambo ya mpaka Waganda wanaye ssenga. Mwenye sikio la isimu atatambua mara moja kuwa senge na ssenga ni ndugu wa damu. Kwa hiyo, wanaosema kwamba mila zetu zilikataza mazungumzo haya hawasemi kweli. Mila zilichagua nani ayaseme, wapi na lini.

Kilichobadilika ni kwamba msemaji hayupo tena. Shangazi ameolewa mbali au anafanya kazi Nairobi. Mama anavuka mpaka alfajiri na bidhaa zake na kurejea usiku. Mtoto anashinda shuleni tangu asubuhi hadi jioni. Shule imemchukua msichana kutoka mikononi mwa shangazi, lakini haikuichukua kazi ya shangazi.

Badala ya maelezo, msichana hupewa tafsida. Huambiwa kuwa ana mgeni, kwamba yuko katika siku zake, kwamba hajisikii vizuri. Nami sina ugomvi na tafsida. Ni pambo la lugha na ngao ya heshima, na hufunzwa katika madarasa yangu kila mwaka. Lakini tafsida ina sharti moja ambalo husahauliwa: humfaa yule anayeijua maana iliyofichwa. Watu wazima wawili wakizungumza juu ya mgeni wa mwezi, wote wanaelewana. Mtoto wa miaka 11 aliyeona damu kwa mara ya kwanza akiwa chooni, naye hajawahi kuelezwa lolote, hadhani kuwa amepata mgeni. Hudhani kuwa ameumia, ana ugonjwa, au anakufa.

Tazama hatari inavyozidi tafsida hizo zinapogeuka maonyo. Msichana huambiwa, "Sasa umekuwa mkubwa, usicheze wala usitembee na wavulana, utapata mimba." Mzazi anajua anachomaanisha kwa kutembea. Mtoto anajua kutembea kwa miguu. Atakayelifuata onyo hilo neno kwa neno ataogopa kuandamana na kaka wa jirani njiani, na atakapogundua kwamba kuandamana hakuleti mimba, atalidharau onyo zima. Ukweli ambao angefaa kuelezwa si mrefu. Hedhi ni ishara kwamba mwili umeanza kupevuka na sasa unaweza kushika mimba. Yai hupevuka kiasi cha siku 14 kabla ya hedhi inayofuata. Kwa wasichana wadogo mzunguko unaweza kuwa wa siku 21 au hata 45, nao hubadilika, hivi kwamba anayetegemea kuhesabu siku salama anacheza kamari. Tena, kwa kuwa yai hutangulia damu, msichana anaweza kushika mimba hata kabla ya hedhi yake ya kwanza.

Mpakani ujinga huu hulipiwa ghali. Malaba ni mji wa malori yanayotoka Mombasa kwenda Kampala na kwingineko, na madereva wake hulazimika kusubiri. Pesa zipo na wageni wapo, hali msichana wa shule hana hata za kununulia sodo. Utafiti uliochapishwa mwaka 2015, uliofanywa vijijini magharibi mwa Kenya, ulionyesha kuwa miongoni mwa wasichana wa miaka 15 waliohojiwa, mmoja katika kila 10 alikiri kuwa alishiriki ngono ili apate pesa za kununua sodo. Mwalimu aliyesoma sentensi hiyo hawezi tena kudai kwamba jambo hili ni la wanawake na chumba chao.

Usafi nao hauwezi kufunzwa kwa mafumbo. Asiyemudu sodo za dukani hutumia kitambaa, na kitambaa si kibaya kikiwa safi. Lakini kinahitaji kufuliwa kwa sabuni na maji safi, kisha kuanikwa juani hadi kikauke kabisa. Anayeona haya hukianika chini ya kitanda au chini ya nguo nyingine, mahali penye giza na unyevu, kisha akakivaa kikiwa bado kibichi. Hapo haya yenyewe ndiyo iliyoleta uchafu. Mwalimu angeweza kueleza kwa dakika chache kwamba sodo au kitambaa kibadilishwe kila baada ya saa nne hadi sita. Kwamba sehemu za nje zioshwe kwa maji safi bila kutia sabuni ndani. Kwamba damu inayotoka kwa zaidi ya siku saba, au maumivu yanayomzuia mtu kwenda shule, ni sababu ya kumwona daktari wala si ya kuvumilia kimya.

Maneno mengine tunayotumia ni mabaya kuliko kimya. Septemba 2019, katika Kaunti ya Bomet, msichana wa miaka 14 alijitoa uhai baada ya sare yake kuchafuka kwa damu ya hedhi shuleni. Kwa mujibu wa mamake, mwalimu alimwita mchafu na kumtoa darasani. Hiyo ilikuwa siku yake ya kwanza ya hedhi. Wala wakubwa hawasalimiki. Februari 2023 Seneta Gloria Orwoba alifika Bungeni akiwa na doa jekundu kwenye suruali, baadhi ya wenzake wakalalamika, naye akatakiwa aondoke akabadilishe nguo. Ikiwa Seneti haikuweza kulivumilia doa, tutarajie nini kwa darasa la watoto 60?

Haki inataka niseme kwamba Serikali haikulala. Mwaka 2004 Kenya iliondoa kodi ya thamani iliyoongezwa kwa sodo. Juni 2017 Rais Uhuru Kenyatta alitia sahihi marekebisho ya Sheria ya Elimu ya Msingi, yanayoitaka Serikali impe sodo za bure, za kutosha na za ubora kila msichana aliyebalehe katika shule za umma, pamoja na mahali pa kuzitupa. Sheria hiyo ni njema na inafaa kutekelezwa bila kusitasita. Hata hivyo, sodo iliyofungiwa ofisini mwa mwalimu mkuu haimfai msichana asiyethubutu kuiomba. Ili aombe, sharti awe na neno, na ajue kuwa neno hilo halitachekwa.

Wako watakaosema kwamba napalilia utovu wa adabu. Nawajibu kwamba adabu ni kusema jambo kwa namna inayofaa, wala si kuliacha lisijulikane. Wako pia watakaouliza wavulana wanahusikaje. Wanahusika kwa kuwa wao ndio wanaocheka. Mvulana aliyefunzwa hedhi ni nini katika darasa moja na dada yake hana la kucheka, na kesho atakuwa mume, baba, na pengine mwalimu mkuu mwenye ufunguo wa ofisi ile.

Kwa walimu wenzangu nina maombi matatu. Kwanza, somo hili litangulie damu. Msichana wa miaka tisa au 10 si mdogo mno, kwa maana baadhi huvunja ungo katika umri huo. Pili, lisiachiwe Kiingereza pekee, kwa kuwa jina la kisayansi lililokaririwa kwa ajili ya mtihani halimsaidii mtoto kumwambia mamake kinachomsumbua. Katika Kaunti ya Busia watoto huzungumza Kisamia, Kikhayo, Kimarachi, Kinyala na Kiteso, na Kiswahili huwaunganisha wote. Mwalimu alitaje jambo hili kwa Kiswahili, kisha awaulize wanawake wazee wa kijiji wanaliitaje kwa lugha zao kwa heshima. Tatu, vyuo vya ualimu viwafunze walimu wa kiume na wa kike kulitamka neno hedhi kama wanavyotamka moyo na mapafu.

Nanyi wanafunzi, ulizeni. Wahenga walisema kuuliza si ujinga, tena mficha uchi hazai. Mpaka wa Busia na Malaba umetufunza kwamba watu wakiwa na haja ya neno hulipata. Hili letu liko tayari, limo kamusini, na haligharimu Serikali hata senti moja.